Mahala Pangu Kwa Wenyewe

Maskat, Shaaban, 1967

Kwa mdogo wangu Zuwena,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumai waraka huu utakukuta u mzima pamoja na shemeji Makame na watoto, na kwamba Mama ameamka leo na nguvu za kukaa kitako na kugombana na mtu. Ukiona hagombi, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillah. Joto limeondoka, sasa usiku unalalika, na kile kikohozi changu cha vumbi kimepungua. Ukitaka kujua hali ya roho, basi soma mpaka chini.

Barua yako imenifika kwa mkono wa yule bwana muuza viungo, imekunjwa na kukunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Nikaifungua nikitarajia kurasa, nikakuta mistari: "Kaka Seif. Mama anauliza atalala wapi. Mimi nimechoka kumjibu badala yako. Jibu." Hukunisalimu, hukuniuliza hali, hata jina lako hukutia. Nimekujua kwa hasira tu, maana hasira hizo tumerithi pamoja kwa Bibi.

Na haki unayo. Uliponiandikia jambo hili mara ya kwanza, baada ya kusi ile mbaya, nilikujibu habari za joto la Maskat, kana kwamba umeniuliza joto. Uliponiandikia tena nikakuletea zafarani na kitambaa cha Mama, nikakwambia huko kisiwani pajengwe ukuta. Ukuta! Nani aujenge, kwa mawe gani, dhidi ya bahari isiyosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini? Nilijua hapatajengwa ukuta. Nilitaka muda upite tu, Zuwena, na nilikuwa nikiupitisha kwa gharama ya Mama.

Leo nakujibu. Lakini naomba barua hii uisome mbele ya Mjomba Haji na wazee wenziwe, na vijana wetu nao wawepo, kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua wewe. Wasije wakasema baadaye kwamba Seif aliandika kijuujuu akiwa mbali, hakumbuki mila.

Nakumbuka. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba wazee wetu wa mwanzo walizika nyuma ya kijiji kama watu wote. Nguruwe mwitu wakafukua. Wakafukua kaburi la mtoto, na mama wa mtoto huyo, Mwana Shangwe, akasema hatazika tena mahali ambapo nguruwe anaweza kufika kwa miguu. Akawachukua wanaume wa ukoo mpaka ufukweni, maji yametoka, akavuka mbele yao yakimfika magotini, akapanda kile kisiwa kidogo cha mawe, akasema: "Hapa." Ndiyo maana mahala pa kuzikwa kule hupitia kwa mama. Baba yetu alikuwa Mwarabu wa huku Oman, akazikwa mjini na jamaa zake, Mungu amrehemu, lakini sisi wanawe tuna mahala kwa sababu tumbo lililotuzaa ni la kule. Na kisiwa hakikupewa jina la mtu. Waliolala kule ndio wenyewe, basi tunasema tunakwenda Kwa Wenyewe.

Vijana hawakukiona kilivyokuwa. Mnara wa Mwana Shangwe ulikuwa mrefu kuliko watu wawili, umepakwa chokaa nyeupe, na kuuzunguka yalipachikwa mabakuli ya samawati, yale yaliyoletwa na vyombo vya zamani. Bibi alisema ndiyo mabakuli ya karamu yake, kila nyumba ilitoa moja. Kila Shaaban, kama sasa hivi, tulikwenda kufyeka, kila tumbo upande wake. Wanawake walichukua mkizi na muhogo, watoto tuliambiwa tusipige kelele na tukapiga, na mwisho tulisoma Fatiha tukarudi mbiombio maji yasitukute. Nilikuwa nikidhani watu wote duniani wanakwenda kuwatembelea maiti wao hivyo, huku sketi na suruali zimepandishwa.

Kisha kikaanza kuoza. Mabakuli yalitoka kwanza. Moja aling'oa Mzungu mmoja mwenye kofia zama za babu, akasema anakwenda kulisoma, na mpaka leo hajamaliza kulisoma. Mengine waling'oa watu wetu wakauza mjini. Wachoma chokaa wakaja kubeba mawe ya kuta za makaburi yasiyokuwa na mtu wa kuyasemea, wakayatia tanuuni, na nina hakika nyumba kadhaa hapo kijijini zimepakwa wazee wetu. Mti wa mlandege ukaota juu ya mnara, mizizi ikaingia ndani, na mnara ukapasuka kutoka kichwani mpaka kiunoni. Lakini hayo yote yasingekiua kisiwa. Kilichokiua ni mikoko. Upande wa mashariki palikuwa na mikoko imeshonana hata mtoto hapenyi, na wimbi lilifika hapo likachoka. Mikoko ile hatukuibiwa. Tuliiuza. Wazee wetu wenyewe waliiuza boriti kwa vyombo vya Arabuni, msimu hata msimu, wakasema itaota tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nikuchekeshe kidogo, ingawa hakichekeshi. Dari ya chumba ninacholala hapa ni boriti za mikoko. Nyumba zote za zamani za Maskat na Matrah ni hivyo hivyo, maana nchi hii haina miti ya maana. Mwenye nyumba aliniambia kwa kujivuna: "Hizi zimetoka kwenu, haziliwi na mchwa." Pengine ni za Rufiji, pengine za Lamu, sijui. Lakini nikilala chali huwa nazitazama, nikajiambia kwamba mimi nina paa, na Bibi yangu hana ukuta.

Nirudi kwenye jambo lenyewe. Kwetu, mvulana akishatahiriwa na msichana akishavunja ungo, mama yake humvusha mpaka Kwa Wenyewe akamwonyesha mahala pake, na jiwe la tumbawe likalazwa pale. Jiwe likilala, mwenyewe yu hai. Akifa, akizikwa, mtu aliye karibu naye kuliko wote hulisimamisha kwa mkono wake. Nakumbuka siku ya kuonyeshwa mahala pangu. Nilikuwa bado natembea kwa kutanua miguu, nimevaa kikoi, na Mama akaniambia, "Hapa juu, karibu na Bibi. Wewe ndiye mkubwa." Mahala penyewe pako katikati, kwenye mwinuko, penye kivuli cha mkunazi. Pa Mama palikuwa chini, upande ule wa mikoko. Nilisema mbona wewe huku chini, akasema mimi napenda kusikia maji. Maneno yake hayo ndiyo yanayonichoma kuliko mistari yako yote.

Yaliyotokea mwaka nilioondoka sitayaandika, unayajua na wengine wanayajua zaidi. Nilipanda chombo pamoja na watu wengi, na nyuma yetu ukazuka uvumi kwamba chombo kimezama. Hakikuzama. Kilitushusha Dubai, mimi nikiwa na homa sijitambui, na nilipojitambua sikuwa na mtu wa kumpa barua. Nikahangaika, nikafika Maskat kwa kudhaminiwa na jamaa za Baba, nikaandika, na barua zangu za mwanzo sijui ziliishia wapi. Kwenu ulipita mwaka na zaidi hakuna neno. Mkanisomea hitma. Halafu Mama akasema mwanawe hawezi kuachwa na jiwe limelala kama mtu ambaye bado anangojwa, akavuka maji ya kupwa akishikwa mikono huku na huku, akapanda mpaka kwenye mkunazi, akalisimamisha jiwe langu yeye mwenyewe.

Na barua yangu ikaja baada ya hapo, kwamba mimi mzima, na naomba mniletee dawa ya kikohozi!

Uliniandikia wakati ule kwamba Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hukuweza kujua. Uliniandikia pia alivyosema shemeji Makame: "Tangu nizaliwe sjaona maiti anoomba dawa ya kifua." Nilicheka sana. Nilimsomea mwenzangu wa chumbani naye akacheka. Wazee wakakaa, wakajadili kama jiwe lilazwe tena, na Mjomba Haji akakataa kata kata. Akasema jiwe likishasimama halilazwi, kulilaza ni kuita mauti yarudi kumtafuta mtu wao. Basi likaachwa. Nikawa mtu wa pekee katika ukoo mzima mwenye kaburi tayari na pumzi bado.

Sasa nitakwambia kitu ambacho sijakwambia. Nilifurahi. Si kwa kuwa jambo lilichekesha. Nilifurahi kwa kuwa jiwe langu limesimama kule. Nyumba ya mjini ina wenyewe wengine, shamba lina wenyewe wengine, na sina kinyongo tena na hilo, yamepita. Lakini kule niliambiwa wewe Mwarabu, rudi kwenu. Nimerudi huku "kwetu," na watoto wa mtaani wananifuata nyuma wakiniita Zanjibari, na binamu zetu wanaangua kicheko kila nikisema Kiarabu, wananitaka nirudie neno ili wakaite wengine waje wasikie. Mahali pamoja tu duniani hakuna anayeweza kuniuliza natoka wapi, ni pale chini ya mkunazi. Nilikuwa nikienda kazini Matrah asubuhi, kwenye bohari ninakoandika majina ya Kizungu juu ya masanduku ya maziwa ya kopo, na nikitukanwa nasema moyoni, mimi nina jiwe. Ndiyo kiburi changu chote kilikuwa hicho.

Kisha kusi ikaja ikala upande wa chini wa Kwa Wenyewe, ikachukua mahala pa Mama. Makame akaliokota jiwe lake majini, akalileta nyumbani, na ukaniandikia kwamba Mama alikuwa akilikalia uani akichambua mchele, anasema walau nalitumia. Hata hilo nililicheka, mpumbavu mimi. Nikaona bado ana nguvu, bado anatania. Sikutaka kuona ulichokuwa ukiniambia. Kisiwa kimebaki kichwa tu, kila mahala pa juu pana mtu, isipokuwa pangu.

Mama hakuona shida. Uliandika maneno yake na nayajua kwa moyo: "Mie staki kuzikwa mjini kati ya watu nsowajua. Ntamsalimia nani kule? Nlazeni pa Seif. Kwani yeye analifanyia nini kaburi tupu?" Mjomba Haji ndiye aliyesema haiwezekani hivi hivi. Jiwe limesimama, kaburi lina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, basi aseme yeye. Si mbaya Mjomba. Ndivyo mila ilivyo na mimi ningesema vile vile. Nanyi mkaniuliza, na maiti akanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Mama mzazi anaomba pa kulala, na mwanawe anajifanya hasikii. Nimejitafutia sababu nyingi. Nilisema atapona. Nilisema mambo yatatengenea nitarudi, nitavuka mwenyewe, nitasema mbele ya watu. Ukweli ni kwamba nikisema "mpeni," basi nimekiri sirudi. Si nikiwa hai wala nikiwa maiti. Nilikuwa naogopa neno moja, na kwa woga huo mama yangu amelala kitandani miezi hii yote hajui atakwenda wapi. Nimeona haya kuandika sentensi hii, na nimeiandika.

Kilichonifungua mdomo ni msiba wa hapa. Yule mwenzangu wa chumbani, Bwana Hemed, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo kule mjini kwetu, amefariki. Huyu ni mtu aliyekuwa na ulimi wa pilipili na roho ya asali. Tumekaa naye chumba kimoja tangu nifike, na muda wote huo amelala juu ya mkeka, kwenye sakafu ya mawe, mzee wa mvi tupu. Kila nikimwambia, "Bwana Hemed, nunua godoro, mgongo utakuua," hunijibu: "Godoro la n'ni? Godoro hununua mtu anokaa. Mie napita." Mkewe yuko Ng'ambo, akimngoja kila mwezi, na yeye kila mwezi alisema atakwenda mwezi ujao.

Alianguka akiwa cherehanini. Tulimpeleka hospitali ya Matrah, haikuwa na la kufanya. Kabla ya alasiri tulikuwa tumekwisha mwosha. Tulitoka naye lango kubwa, tukaenda nje ya ukuta, njia ya Wadi Kabir, wanaume wachache, Wazanzibari karibu wote, na majirani wawili watatu wa Kiarabu, Mungu awalipe. Makaburi ya huku hayana mnara wala bakuli wala jina. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, kwisha. Ardhi yenyewe ni mawe, wachimbaji walikuwa wakigonga mtaimbo cheche zinaruka, nikakumbuka mchanga wa kwetu unavyochimbika kwa kifuu.

Mchimbaji mkubwa akauliza kwa Kiarabu, "Nani jamaa yake ashuke ampokee?"

Akauliza tena, safari hii kwa kukereka maana jua lilikuwa linakwenda. Hakuna aliyekuwa jamaa yake. Nikavua viatu nikashuka mimi. Wakaniletea yule mzee, mwepesi, sikutegemea atakuwa mwepesi vile, nikamlaza ubavu, nikamfungua kamba, nikamwelekeza. Nilipoinua kichwa nikaona kuta za kaburi zimenizunguka na nyuso za watu juu, na mchimbaji amechutama ukingoni, ananiambia kama mtu anayepanga masanduku bohari: "Hapa ubavuni pana nafasi nzuri. Nyie Zanjibari wote tutakuwekeni safu hii hii, msipotee."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatukirimu. Lakini mimi nilibaki chini mle, mikono ina udongo, nikashindwa kupanda mpaka wakanivuta. Watu walidhani namlilia Hemed. Nilimlilia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeona mahala pangu, Zuwena. Nimepaona kwa macho, ni huko ubavuni pa Hemed, na hakuna aliyenionea. Na papo hapo nikamwona Mama, aliyekwisha kunionyesha mahala kwa mkono wake na kunisimamishia jiwe kwa mkono wake, akinyimwa na nani? Na mimi. Nimeshuka kaburini kumpokea mtu baki, na mama yangu hata kaburi sijampa.

Shangazi yetu wa huku aliniletea wali na nyama jioni ile, akanikuta nimekaa nje. Mnamjua kwa maneno tu, kila siku ananipigia kelele nioe. Akaniuliza, "Unalia nini kama mtoto?" Nikamweleza habari yote, jiwe na kisiwa na Mama. Huku mambo ya minara na mabakuli wanayaona bidaa, uzushi katika dini, nikategemea atanisuta. Yeye akasema, "Mamako kakuomba kitu gani tangu akuzae?" Nikafikiri. Nikasema hakuna, ila hiki. Akainuka akaenda zake, hata vyombo hakungoja.

Basi hapa naandika maneno ya kusomwa kwa sauti. Mjomba Haji ayasikie vizuri, mkae upande wake wa kulia maana wa kushoto hausikii.

Mimi Seif, mwana wa Bi Mize, wa tumbo la Mwana Shangwe, ni mzima na akili zangu timamu. Mahala palipo Kwa Wenyewe chini ya mkunazi, penye jiwe lililosimamishwa kwa ajili yangu, nimempa mama yangu. Nimempa kwa radhi yangu, bila sharti. Mimi sina dai tena pale, na nikijaaliwa watoto hawana dai. Siku Mungu atakapomchukua, asizuiwe na mtu na wala nisingojwe.

Wewe Zuwena, usingoje wazee wamalize kujadili barua. Mara tu utakapoisoma, mwende Mama chumbani, umwinamie sikioni umwambie: "Seif kasema ulale pake." Useme hivyo hivyo. Akiuliza kama nimekasirika, mwambie nimeona haya. Akiuliza nitalala wapi mimi, na ataniuliza, mwambie huku pana nafasi na watu wa kwetu wapo. Usimwambie zaidi. Shemeji Makame ndiye ashuke kumpokea, ana mikono ya upole, nilimwona alivyompokea Bibi. Msivuke kwa haraka maji yasipotoka vizuri. Na jiwe msiliguse, aliyelisimamisha ni yeye mwenyewe, na likae lilivyo.

Nimefika mahali ninapopaogopa. Barua hii itatembea kwa mikono ya watu, wiki nyingi pengine, na wewe hukuandika "Jibu" kwa mchezo. Ikiwa imekuja na Mama keshakwenda, na mmemzika mjini kati ya watu asiowajua kwa sababu mimi sikusema, basi niandikie hivyo hivyo. Usinifunike kwa maneno matamu, usiseme aliniridhia, usiseme hakunitaja. Niandikie kwamba alinitaja nami sikujibu. Nitastahili. Na mahali lilipo kaburi lake uniandikie, lipo njia ipi na linapakana na nani, ili nimwombee nikijua yuko wapi.

Lakini ninaomba, Zuwena, kwa kila Sala, ikukute barua hii yeye bado anaona dirisha.

Nisalimie Mjomba Haji, mshika mila wetu, mwambie hakunikosea. Nisalimie shemeji Makame, mwambie maiti amejibu, na samahani kwa kuchelewesha mazishi. Nisalimie Bi Kombo, jirani yetu anayemwosha Mama na kumsuka nywele, nasikia haruki siku, Mungu ampe kheri ya mikono yake. Wabusu watoto wako. Yule mkubwa anakaribia umri wa kuonyeshwa mahala, na sijui mtamwonyesha wapi kisiwa kikiwa hivyo. Mkapande mikoko upande wa mashariki, hata kama hamtaiona ikikua. Mama nisalimie kwa kumshika miguu, kwa niaba yangu, miguu yote miwili.

Ni mimi kaka yako, nisiye na mahala tena Kwa Wenyewe,

Seif